Majani ya kunde, maji na chumvi tu: kwa nini ya mama mkwe hayafanani na yangu?

#1 Mkwe wa Muheza
Habari wanajukwaa. Nina swali ambalo limenikosesha raha tangu nirudi safari, na naomba wenye uzoefu wa jikoni wanisaidie.

Mwanzoni mwa Juni nilikwenda Muheza kumsalimia mama mkwe. Mvua za masika zilikuwa zimepungua, mahindi yalikuwa mabichi, na kunde zilizopandwa kwa kuchelewa katikati ya mistari ya mahindi zilikuwa bado hazijatoa maua. Siku ile ile niliyofika mama alitoka na ungo saa kumi jioni, akachuma ncha tupu za kunde, yaani jani la juu kabisa na mawili yanayolifuata, akavuta nyuzi za vikonyo mmoja mmoja, akayaosha majani yakiwa mazima, kisha akayakatakata kwa mkono na kuyatia chunguni. Niliyoyaona yakiingia mle ni maji kidogo, chumvi na nyanya moja iliyopasuliwa. Hapakuwa na mafuta, wala kitunguu, wala kiungo cha paketi. Tulikula kwa ugali wa dona, na mimi ambaye mjini siwezi kula mboga ya majani bila nyama pembeni niliongeza mara mbili. Mara ya tatu nilizuiwa na haya ya ukwe.

Nilirudi Dar es Salaam na fungu zima la majani ya shamba lile lile, kesho yake mke wangu akanipisha jikoni, nikafuata kila hatua niliyoiona. Nilichopata ni majani yaliyochemshwa. Kwa hiyo dai langu ni hili: mboga ya msimu iliyochumwa saa ile ile haihitaji zaidi ya chumvi, na ikishalala usiku mmoja hakuna kiungo kitakachoiokoa. Je, nakosea? Na kama sikosei, ni kitu gani hasa kinachopotea njiani?

#2 Kijiko Kikubwa
Kilichopotea njiani ni njaa, mkuu. Ulipofika Muheza ulikuwa umekaa ndani ya basi tangu alfajiri, na hata ungepewa ugali na chumvi mkononi ungekuja hapa kutufungulia uzi.

#3 Bwana Shamba Mstaafu
Dai la mwenye uzi lina msingi, ingawa amelipeleka mbali mno. Jani likishachumwa halifi papo hapo. Linaendelea kupumua, na kwa kuwa halipati tena chakula kutoka kwenye mmea, linatumia akiba ya sukari iliyomo ndani yake lenyewe. Kadiri joto linavyoongezeka ndivyo upumuaji unavyokwenda kasi, na papo hapo jani hupoteza maji na kunyauka. Naomba atuambie fungu lake lilisafiri wapi, maana kama lilifungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa kwenye buti ya basi, basi lilianza kupikwa kabla ya kufika Chalinze.

Jambo hilo huonekana wazi zaidi kwenye mahindi mabichi. Hindi linapokuwa katika hatua ya maziwa, ukibonyeza punje kwa ukucha hutoka utomvu mweupe, na utamu unaousikia ni sukari ambayo bado haijawa wanga. Sukari hiyo huendelea kugeuka wanga hata baada ya hindi kuvunjwa, na juani hugeuka upesi kuliko kivulini. Marehemu baba yangu alikuwa hali hindi la kuchemsha lililolala. Alikuwa akilibonyeza punje moja, akiona unga mzito badala ya maziwa analirudisha siniani bila kusema neno, na mama alijua kwamba kesho atalisaga.

#4 Bint Mvita
Asante mzee wetu kwa darasa, lakini mimi siwezi kukubali kwamba chumvi peke yake inatosha. Kwetu Mombasa mboga ya kunde bila tui ni chakula cha mgonjwa. Nadhani tatizo la mwenye uzi si kulala kwa majani, ni kwamba alitaka urahisi wa mama mkwe bila kuwa na mkono wa mama mkwe.

Mimi hununua kunde za jana sokoni na zinatoka nzuri, kwa sababu nazi yangu ndiyo inayokuwa mpya. Naitikisa kwanza sikioni nisikie maji, maana isiyolia imeshakauka. Koroma siitaki kwa kazi hii, kwa kuwa nyama yake ni laini na tui lake jembamba. Naikuna kwa mbuzi, nakama tui la kwanza na kuliweka kando, halafu namimina maji tena juu ya chicha nipate tui la pili, na majani huchemka katika hilo la pili mpaka yalainike. Tui zito huingia mwisho kabisa, na hapo mkono hauachi kukoroga hadi lichemke mara moja nipate kuipua, kwani ukiliacha likatike utakula mafuta yakielea juu ya maji. Hayo nayo ni mapishi ya kawaida ya nyumbani, hayana anasa yoyote, na mnazi hausubiri masika.

#5 Fundi Chungu
Wote mmepita juu ya neno moja lililo katika mchango namba 1, nalo ni "chunguni". Mwenye uzi, ulipofika Dar es Salaam ulipikia nini?

#6 Mkwe wa Muheza
Sufuria ya alumini, jiko la gesi. Na ndiyo, mzee Bwana Shamba, mfuko ulikuwa wa plastiki na ulikaa kwenye buti. Naomba msinicheke.

#7 Fundi Chungu
Hapo nimemaliza. Chungu hupokea moto polepole na kuushika muda mrefu, kwa hiyo hata ukiondoa kuni chakula kinaendelea kujipika kwa joto la upole. Sufuria nyepesi juu ya gesi huchemka kwa fujo, maji yanakauka, unaongeza mengine, na ladha inabaki kwenye maji unayomwaga. Zaidi ya hayo, moshi wa kuni ni kiungo ambacho hakuna anayekihesabu.

#8 Kijiko Kikubwa
Fundi, Serikali imeandika mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, nawe uko hapa unauza moshi kama kiungo. Macho ya mama zetu yamelipa bei ya kiungo hicho.

#9 Mama Watatu
Naomba tusihamie kwenye kuni na gesi, kwa sababu uzi utafungwa kabla sijasema langu. Mimi hupikia gesi kila siku na mboga yangu huliwa ikaisha. Kosa ninaloliona kwa vijana wengi ni mpangilio. Wanakata majani kwanza, kisha wanayaosha mara tatu hadi maji yawe meupe, na yale maji ya kijani waliyoyamwaga kwenye sinki ndiyo mboga yenyewe. Mama mkwe aliosha majani yakiwa mazima, na mwenye uzi ameandika hivyo mwenyewe bila kuona uzito wake. La pili, majani machanga ya kunde yakioshwa huingia sufuriani na maji yanayoshikilia kwenye jani, na hayo karibu yanatosha. Ukijaza maji mpaka majani yaelee, umepika supu. Swali langu: ulimimina maji kiasi gani?

#10 Mkwe wa Muheza
Vikombe viwili hivi, dada. Niliogopa yasiungue.

#11 Mama Watatu
Vikombe viwili! Ungeweza kuogea.

#12 Mtu wa Dodoma
Nimesoma tangu mwanzo na naona mnazungumza kana kwamba msimu ni mmoja nchi nzima. Ninyi wa Tanga mna masika na vuli, kwa hiyo mnapata majani mabichi mara mbili kwa mwaka. Sisi mvua yetu ni moja, inaanza karibu na Desemba na kukoma Aprili, na baada ya hapo shamba linakuwa vumbi. Ndiyo sababu mama zetu huchuma kwa wingi, wakachemsha kidogo, wakaanika na kuhifadhi kwenye vibuyu au mifuko, tukala mwaka mzima. Majani ya kunde yaliyokaushwa, yakipikwa kwa karanga zilizotwangwa, yana harufu nzito ambayo ya kijani hayajawahi kuwa nayo. Sasa kama kila kitu kizuri kinapotea jani likilala usiku mmoja, nielezeni majani yaliyolala miezi sita yanatoa wapi ladha.

Maelezo yangu ni tofauti na yenu. Mboga iliyokua kwa mvua huwa na ladha iliyokolea, wakati ile ya bustani za mjini inayomwagiliwa asubuhi na jioni hujaa maji na kurefuka upesi. Weka zote mbili kwenye sufuria moja uone ipi inanywea ikabaki kiganja.

#13 Bwana Shamba Mstaafu
Ndugu wa Dodoma, hoja ya kukaushwa ni nzuri, na naikubali kwa sehemu: kukausha huondoa maji na kukusanya kilichobaki, kwa hiyo unapata ladha nyingine, si ile ile iliyohifadhiwa. Lakini hoja yako ya pili inajipinga na mfano wa mwenye uzi, kwa sababu majani aliyopika Dar es Salaam yalitoka shamba lile lile lililonyeshewa mvua ile ile. Na tukiwa hapo, tuambie ukweli: huko kwenu mlenda hupikwa na magadi, sivyo? Magadi hulainisha jani upesi na kulifanya libaki kijani, lakini huharibu vitamini, hasa B1 na C.

#14 Mtu wa Dodoma
Shikamoo mzee. Magadi tunaweka. Vitamini tutazitafuta kwenye ubuyu.

#15 Hindi Bichi, Minnesota
Nawasalimu kutoka kwenye baridi. Nataka kugusa suala la mahindi katika mchango namba 3, kwa sababu huku tunaishi nalo. Mwezi wa Agosti wakulima huleta mahindi mabichi sokoni yakiwa yamevunjwa asubuhi hiyo hiyo, kwa hiyo kwa hesabu ya mzee wetu yanapaswa kunikumbusha nyumbani. Hayanikumbushi kabisa. Ni matamu kama yamechovywa kwenye sukari, ngozi ya punje inapasuka mdomoni na kuacha maji, na hakuna cha kutafuna. Watoto wangu waliozaliwa huku wanayapenda, na nilipowapeleka Iringa wakapewa hindi la kuchoma, mkubwa aliniuliza kwa heshima kama limeiva. Kwa hiyo utamu pekee hauwezi kuwa jibu. Mimi nadhani ni mbegu.

#16 Bwana Shamba Mstaafu
Uko sahihi, nami nilipaswa kulisema. Hayo ya huko ni mahindi matamu, ambayo yana jeni inayozuia sukari isigeuke wanga kama kawaida, ilhali mahindi yetu meupe ni ya unga, tunayawahi tu kabla hayajakomaa. Tunachokipenda katika hindi letu ni kwamba sukari na wanga vyote vimo kwa pamoja, kwa siku chache. Anayelima huijua wiki hiyo kwa kutazama ndevu za hindi zinavyokauka.

#17 Kijana wa Chanika
Kwa kuwa tumekubaliana kwamba mboga ya shambani haihitaji kazi nyingi, mimi kisamvu changa hukichuma, nakikata vipande vyembamba na kukichemsha dakika tano tu ili kisipoteze ubichi wake. Ni kitamu sana, jaribuni.

#18 Mama Watatu
Msijaribu, na wewe mwenyewe acha. Majani ya muhogo yana kemikali inayotoa sumu ya sayanaidi, na ndiyo sababu kisamvu hutwangwa kinuni hadi kilainike, kisha hupikwa kwa muda mrefu. Kutwanga hupasua jani na kuiwezesha sumu itoke, na kuchemsha huku chungu kikiwa wazi huifukuza hewani. Kila mboga ina kazi yake. Ya kunde ni kazi ya robo saa, ya kisamvu ni kazi ya mchana kutwa, na hakuna uchanga wa jani unaobadilisha hilo.

#19 Kijana wa Chanika
Nimekuelewa, dada. Kinu kipo kwa shangazi, nitakifuata Jumamosi.

#20 Omolo wa Ziwani
Asanteni kwa uzi huu. Mimi natoka upande wa Kisumu, na chakula chetu kinapingana na dai la mwanzo kuliko hata la ndugu wa Dodoma. Mnavu, ambao sisi tunauita osuga, na mgagani huchumwa mvua zinapoanza, lakini siku hiyo hiyo hauonji kitu ila uchungu. Mama alikuwa akichemsha, anamwaga maji ya kwanza, anaongeza maziwa, anaacha chunguni usiku kucha, kesho anapasha na kuongeza maziwa tena. Mboga bora ni ile ya siku ya pili, na wapo watakaokuapia kwamba ni ya tatu. Tulipokuwa wadogo, tukirudi shule na kukuta chungu kimefunikwa kwa bakuli lililopinduliwa, tulijua leo ni siku yake. Kwa hiyo mboga kulala si lazima iwe hasara. Inategemea inalala shambani, kwenye buti ya basi, au kwenye maziwa.

#21 Bint Mvita
Naam! Maziwa kwenu, nazi kwetu, karanga Dodoma. Hakuna hata mmoja hapa anayekula majani kwa chumvi tu isipokuwa mkwe mwenzetu, na hata yeye alikula mara moja.

#22 Mjukuu wa Unguja, Muscat
Nami niongeze kidogo. Kwetu huku msimu wa mboga ni majira ya baridi, kuanzia Novemba hadi Machi, na bibi yangu aliyezaliwa Unguja husubiri mchicha wa bustani za Batinah kama wengine wanavyosubiri sikukuu. Jua la Juni likiingia ananunua wa kutoka nje, anaupika kwa namna ile ile, anaweka kijiko chini na kusema kwamba mchicha huu umechoka safari. Mimi nikionja sisikii tofauti yoyote. Sijui kama ulimi wake ni mkali kuliko wangu, au anakula na kumbukumbu ya Unguja kando ya sahani.

#23 Kijiko Kikubwa
Nilisema tangu mchango namba 2, ni njaa. Bibi wa Muscat ana njaa ya Unguja.

#24 Mkwe wa Muheza
Wanajukwaa, nimerudi na habari, na sijui niicheke au niione aibu. Jana jioni nilimpigia mama mkwe simu, nikajifanya namsalimia tu, kisha nikaingiza swali la mboga. Nilimsomea hatua zote jinsi nilivyoziandika hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Na maji ulichota wapi?" Nikamwambia ya bomba. Akacheka hadi akamwita jirani aje asikie.

Kumbe siku ile mahindi yalikuwa yamechemshwa mchana, kabla sijafika, na yale maji yake hakuyamwaga. Majani ya kunde yalipikwa katika maji ya mahindi. Anasema hilo halihesabu kuwa kiungo, ni maji tu yaliyokuwamo chunguni, na hakuona sababu ya kunieleza. Kwa hiyo mchango wangu namba 1 una kosa, na naomba radhi kwa wote mliojenga hoja juu yake.

#25 Bint Mvita
Nimecheka peke yangu ndani ya matatu mpaka abiria wamenitazama. Kumbe tui lilikuwapo, ila ni tui la mahindi!

#26 Fundi Chungu
Mnacheka, lakini someni vizuri: "maji tu yaliyokuwamo chunguni". Chungu kile kile kilichopikia mahindi. Hoja yangu imezidi kupata nguvu.

#27 Bwana Shamba Mstaafu
Kwa upande wangu naona inaunga mkono maelezo ya sukari. Mahindi yaliyovunjwa asubuhi na kuchemshwa mchana huacha sukari na wanga kidogo katika maji, wanga unayafanya mazito, na sukari inapunguza ule ukakasi wa jani. Mahindi yaliyolala yangeacha utamu mdogo zaidi.

#28 Mama Watatu
Mzee wetu, samahani, nimejaribu leo mchana kabla ya kuandika. Nilinunua mahindi manne kwa muuzaji wa barabarani, na hakuna ajuaye yamevunjwa lini. Niliyachemsha, nikabakiza kikombe kimoja cha maji, yakiwa na rangi ya manjano hafifu na kunata kidogo vidoleni. Majani ya kunde yalikuwa ya jana, kutoka gengeni. Sikuweka mafuta. Mtoto wangu wa pili, ambaye mboga huisukuma pembeni mwa sahani kwa uma kama anayefagia, alikula akauliza kama nimeweka sukari. Mume wangu amesema ni ile ile ya kila siku. Mimi mwenyewe niko katikati, ingawa nilikombeleza sufuria kwa tonge la ugali.

#29 Mtu wa Dodoma
Jaribio hilo lina walaji watatu na majibu matatu. Jaribu na yaliyokaushwa.

#30 Omolo wa Ziwani
Kabla hatujaendelea, kuna jambo moja ambalo mwenye uzi hajatuambia. Kwetu hindi la kuchemsha huingia sufuriani na maganda yake laini ya ndani, na baadhi huacha hata ndevu, kwa sababu maganda hayo yana harufu yake na huyapa maji rangi. Mama mkwe alichemsha mahindi na maganda au bila maganda? Na Mama Watatu je?

#31 Mama Watatu
Bila. Muuzaji alikuwa ameshayamenya.

#32 Bwana Shamba Mstaafu
Swali zuri sana, na linabadilisha mambo.

#33 Mkwe wa Muheza
Sikumuuliza. Saa hizi yuko shambani na simu huiacha ndani ya kabati. Nitampigia baada ya magharibi.